Njano na bluu, katikati kijivu?

Ukiwa Oldonyo Sambu jua likizama, anga ni njano kule chini, bluu juu, na katikati huoni tope lolote. Sasa kiambie kivinjari kikuchoree mpito huohuo wa rangi. Utapata kijivu! Simu yako haina kosa. Kivinjari kimezoea kupiga wastani tu: njano ni 255, 255, 0 na bluu ni 0, 0, 255, kwa hiyo katikati ni 127.5 mara tatu, kijivu kitupu.

Siku hizi CSS inakuruhusu kuchagua njia. Andika linear-gradient(in oklch, yellow, blue) na rangi zitazunguka kupitia kijani bila kufifia (anga halina kijani kikali hivyo, ila ni afadhali kuliko tope). Chrome ilianza kuielewa toleo la 111, Machi 2023. Firefox toleo la 127, Juni 2024.

Na mwenye simu ya zamani je? Kivinjari chake kikikuta maneno hayo mapya hutupa mstari wote. Kama uliweka kichwa cheupe juu ya ile bluu, sasa ni cheupe juu ya ukurasa mweupe, hasomi kitu. Kwa hiyo tanguliza mstari wa background: navy, halafu mpito ufuate chini yake. Kivinjari kipya kitashika wa pili, cha zamani kitabaki na wa kwanza.