Dawa ya Ukungu Inayonywewa na Mmea

Kila mwaka mvua zinapokolea hapa Kinampanda na katika vijiji vingine vya Iramba, wakulima wa vitunguu huulizana: “Umepiga dawa gani?” Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Yafaa tuulizane pia: Dawa hiyo yaua ugonjwa gani? Yaingia ndani ya mmea, au yabaki juu ya jani? Na mara iliyopita ulipiga ipi? Mwenye kuyajibu maswali hayo matatu ataokoa shamba lake na fedha yake. Asiyeyajua aweza kupiga dawa mara nne, na mwisho asiwe na gunia la kupeleka soko la vitunguu la Misuna, Singida mjini.

UKUNGU NI NINI?

Ukungu ni kiumbe hai kidogo sana, kisichoweza kujitengenezea chakula chake. Huishi kwa kula jasho la mwingine. Mbegu zake ni vumbi jepesi lichukuliwalo na upepo, matone ya mvua, hata nguo za mpita njia. Vumbi hilo likitua juu ya jani lililolowa kwa saa nyingi, huota, hupenya ndani, na kuanza kula. Siku unapoliona doa, ugonjwa umekwisha kukaa ndani siku kadha.

Katika vitunguu yako magonjwa mawili ambayo wengi huyaita kwa jina moja tu, “ukungu.” La kwanza ni baka zambarau. Huanza kwa vidoa vyeupe vilivyobonyea, kisha hukua na kuwa vya rangi ya zambarau, na pembeni huwa na manjano. Jani huvunjika hapo na kuanguka. La pili ni ubwiri vinyoya. Nenda shambani alfajiri wakati wa umande, nawe utaona manyoya ya kijivujivu juu ya jani, na jani lenyewe limepauka. Tafadhali yashike vema majina haya mawili, maana dawa zake si moja.

DAWA ZA NAMNA MBILI

Dawa za zamani, kama salfa, zile za shaba, na mankozebu, hukaa juu ya jani kama koti la mvua. Vumbi la ukungu likitua juu yake, hufa kabla halijapenya. Lakini mvua kubwa huliosha koti hilo. Tena jani linalochipua baada ya kupiga dawa huzaliwa halina koti.

Dawa za namna ya pili huingia ndani. Jani au mzizi huinywa dawa, kisha maji yapandayo katika mishipa ya mmea huichukua. Watoto wa shule wanajua jaribio hili: tia shina la ua jeupe katika glasi ya maji yenye wino, uliache kwa saa chache, na ua lenyewe litabadilika rangi. Ndivyo dawa hii inavyosafiri. Ikikwisha kukauka na kuingia, mvua haiwezi kuiosha. Aweza hata kuuzuia ugonjwa ulioanza kupenya siku moja au mbili zilizopita.

Mwaka 1966 wataalamu wawili, von Schmeling na Kulka, walitangaza kwamba dawa za jamii ya kaboksini huingia ndani ya mmea na kuua ukungu humo humo. Mwaka 1977 ikaja metalaksili, ambayo leo imo katika dawa nyingi zinazouzwa katika maduka ya pembejeo.

Lakini tusiitazamie miujiza. Kwanza, dawa hizi nyingi hupanda juu tu, hazishuki. Ukipiga ncha za majani, usitazamie shina la chini lipone. Pili, hazifufui jani lililokufa. Tatu, metalaksili ni adui wa ubwiri vinyoya. Baka zambarau haliogopi kabisa. Kwa baka zambarau hutumika dawa nyingine, kama difenokonazoli au azoksistrobini. Basi kabla ya kwenda dukani, ng’oa kitunguu kimoja chenye ugonjwa, umwonyeshe Bwana Shamba.

UGONJWA UKIIZOEA DAWA

Hapa ndipo penye hatari kubwa, nayo si ya mtu mmoja, ni ya kijiji kizima. Dawa ya kubaki juu huupiga ukungu mahali pengi mwilini mwake kwa mara moja. Dawa ya kuingia ndani mara nyingi huupiga mahali pamoja tu. Na katika vumbi lote la ukungu lililomo shambani huwamo chembe chache ambazo mahali hapo pake pana umbo jingine kidogo. Dawa huua zote, hizo chache hubaki. Ukirudia dawa ile ile, wewe mwenyewe unazifyekea nafasi. Mwisho shamba lote ni lao.

Jambo hili limekwisha kutokea karibu nasi. Ugonjwa wa chulebuni, uozeshao tunda changa la kahawa, ulionekana kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Katika miaka ya 1970 wakulima wa Kenya walipata benomili, dawa ya kuingia ndani, nao wakaifurahia sana. Lakini haikupita miaka mingi, chulebuni ya namna isiyojali benomili ikatapakaa, dawa ikawa haina nguvu tena.

Ireland nako, nchi walikotoka mapadre na masista wengi waliofanya kazi Singida, watu wanaujua ukungu kwa machungu. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi vyao, na watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Metalaksili ilipotokea, ilikuwa silaha kali juu ya ugonjwa huo huo. Walakini mwaka 1980, miaka mitatu tu baada ya kutolewa, viazi vya Ireland viliugua tena ingawa vilikuwa vimepigwa dawa. Tangu hapo metalaksili ya kunyunyiza kwa kawaida huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu, ili mmoja akishindwa, mwenzake asaidie.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Nunua dawa iliyosajiliwa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo isajiliyo dawa nchini. Kataa dawa iliyopimwa katika chupa ya soda isiyo na kibandiko. Soma jina la dawa yenyewe, lililoandikwa kwa herufi ndogo. Majina makubwa ya biashara yaweza kuwa mawili, na ndani yake dawa ni moja.

2. Pima, usikisie kwa kizibo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kibandiko chasema gramu 50 kwa lita 20 za maji, na bomba lako ni la lita 15. Gawa 50 kwa 20, wapata 2.5. Zidisha kwa 15, wapata gramu 37.5. Ukipunguza, waufundisha ukungu kuizoea dawa. Ukizidisha, wapoteza fedha na kuwaongezea walaji sumu.

3. Badilisha. Usipige dawa ya kuingia ndani ya jamii moja mara mbili mfululizo. Ukipiga hiyo leo, zamu ijayo piga ya kubaki juu, au ya jamii nyingine. Andika kila siku ya kupiga katika daftari.

4. Piga mapema, ugonjwa ukiwa bado mchache, asubuhi au jioni isiyo na upepo. Jani la kitunguu lina nta, matone huteleza. Uliza kama yafaa kuongeza dawa ya kunatisha.

5. Hesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna, kama zilivyoandikwa. Dawa iliyo ndani ya mmea haitoki kwa kuosha. Kwa hiyo majani mabichi ya vitunguu, na mlenda uliojiotea katikati ya matuta, visichumwe kwa mboga mpaka siku hizo zitimie.

6. Usiiachie dawa kazi yote. Usipande vitunguu juu ya vitunguu mwaka hadi mwaka. Acha nafasi upepo upite, na masalio yenye ugonjwa uyachome. Kwa mtama wenye fugwe, ule ugonjwa ugeuzao punje kuwa masizi meusi, chagua masuke safi ya mbegu kabla ya kupura, maana katika kupura masizi hupasuka na kushika punje nzima. Kisha mbegu hizo huweza kupakwa dawa kidogo tu, badala ya kunyunyiza shamba zima.

NYUMBANI

Mbegu iliyopakwa dawa si chakula, wala si ya kuku. Mwishoni mwa mwaka 1971 watu wa Iraki walipewa mbegu za ngano na shayiri zilizotiwa dawa ya ukungu yenye zebaki. Wengi walizisaga wakaoka mikate. Wengine waliziosha mpaka rangi ikatoka, wakidhani sumu nayo imetoka. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 wakafia humo. Dawa ile si hizi tulizozitaja, lakini fundisho ni lile lile.

Baba, usizibue bomba kwa kupuliza kwa mdomo. Vaa nguo za mikono mirefu, viatu vya mpira, na kitambaa puani. Mama, nguo za shambani zisifuliwe pamoja na za mtoto. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji yake uyatie katika bomba, kisha uitoboe, isije ikatiwa mafuta ya kula au maziwa.

Mwisho, upepo hauujui mpaka wa shamba. Ukungu uliozoea dawa kwa jirani utafika kwako hata kama wewe ulifuata kila neno. Basi kabla mvua hazijaanza, wenye mashamba yanayopakana wakutane pamoja na Bwana Shamba, wakubaliane dawa ipi itangulie na ipi ifuate. Mkutano wa saa moja hauna gharama.