Tutambue magonjwa ya maharagi kabla ya kugawana mbegu

Huku kwetu Kivu maharagi ni chakula cha kila siku, na kwa jamaa nyingi ndiyo yanayolipa pesa za masomo ya watoto. Mvua ikizidi, majani yanakauka na kuanguka, na watu wanasema: «Mvua imeyachoma.» Kumbe mara nyingi ni kuvu, vimelea vidogo sana vinavyopenda unyevu. Kuvu ni za aina nyingi. Tuzitambue kabla ya kutumia pesa kwa dawa.

Kutu. Geuza jani uangalie upande wa chini. Ukiona vipele vidogo vya rangi ya udongo mwekundu, vipanguse kwa kidole. Unga ukibaki kidoleni, ni kutu. Huletwa na upepo, hauingii ndani ya mbegu.

Madoa yenye pembe. Madoa haya ni ya kijivu au kahawia, na hayana duara, kwa sababu yanaishia kwenye mishipa ya jani. Chini ya jani kunaonekana vinyweleo vya rangi nyeusi. Majani huanguka kabla maganda hayajajaa.

Chule. Mishipa iliyo chini ya jani inakuwa myekundu inayoelekea weusi. Kwenye maganda kuna vidonda vya duara vilivyobonyea, vyenye ukingo mweusi. Ugonjwa huu unapenda baridi na mvua za milimani, na unapenya ganda hadi kwenye punje.

Kuoza kwa mizizi. Mmea mchanga unageuka manjano na kunyauka hata kama udongo una maji. Ung'oe: mizizi ni ya kahawia, laini, imeoza. Huonekana sana pale maharagi yanapolimwa kila msimu bila kubadilisha, au maji yanapotuama.

Lakini majani yakijikunja na kuwa na mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichopauka, hiyo si kuvu. Ni virusi, na dawa ya kuvu haitasaidia kitu.

Ukiisha kutambua, fanya hivi. Palipo na mizizi iliyooza, panda juu ya matuta, ongeza samadi, na msimu unaofuata weka mahindi au viazi vitamu. Palipo na chule au madoa yenye pembe, usipalilie wakati majani yana umande, maana mikono na nguo hubeba ugonjwa kutoka mmea hadi mmea. Baada ya mavuno, mabaki ya mimea iliyougua yatolewe shambani.

Na juu ya mbegu tuwe waangalifu zaidi. Wengi huchagua punje nyumbani, wakitupa zenye madoa. Hiyo ni vizuri, lakini haitoshi: punje inaweza kuonekana safi na huku imebeba chule. Uchaguzi uanze shambani, maganda yakingali kwenye mmea. Funga kamba kwenye mimea yenye afya, uivune peke yake, uihifadhi peke yake.

Katika makanisa yetu mengi tunawapa mbegu ndugu waliorudi kutoka ukimbizini. Tukiwapa mbegu yenye chule, tunawapa shamba litakalougua, nao hawana akiba ya kungojea msimu mwingine. Basi kikombe cha mbegu tunachompa jirani kitoke kwenye ile mimea tuliyoifunga kamba.