Umeme Tuli Katika Uchapishaji wa Fulana: Chanzo, Madhara na Kinga kwa Vikundi vya Mara

Uchapishaji wa fulana, jezi na sare kwa kutumia filamu ya kuhamishia picha ni kazi ambayo kikundi kidogo kinaweza kuianza katika chumba kimoja, iwe Musoma, Bunda au Butiama. Hata hivyo, kazi hiyo ina adui asiyeonekana kwa macho, ambaye ni umeme tuli. Chaji zake hujikusanya juu ya plastiki na kuharibu picha kabla haijafika kwenye kitambaa.

Suala hili lina uzito kwa kuwa baadhi ya vikundi huanza kwa mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo hurejeshwa ili wengine nao wakopeshwe. Kila fulana inayoharibika hupunguza uwezo wa kikundi kurejesha fedha hizo.

Chanzo chake

Katika teknolojia hii, picha huchapwa kwanza juu ya filamu ya poliesta. Wino ukiwa bado mbichi, hunyunyiziwa poda ya gundi, poda ya ziada hukung'utwa, kisha filamu hupashwa joto hadi gundi iyeyuke. Hatimaye picha hukandamizwa juu ya kitambaa kwa mashine ya joto, maarufu hitipresi, na filamu hubanduliwa.

Poliesta haipitishi umeme. Inapokunjuliwa kutoka kwenye roli na kusuguana na magurudumu ya mashine, hupata chaji zisizo na njia ya kutokea. Hewa yenye unyevu husaidia chaji hizo kupungua, lakini hewa kavu huziacha zirundikane. Ndiyo maana tatizo huongezeka wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Kipindi hicho ndicho chenye Saba Saba, Nane Nane na maandalizi ya kumbukumbu ya Baba wa Taifa ya Oktoba 14, shughuli ambazo huhitaji fulana nyingi.

Kuwa kandoni mwa Ziwa Victoria si kinga ya kutosha, kwa sababu hali ya ndani ya chumba hutofautiana na ya nje. Hewa ya nyuzi joto 22 yenye unyevu wa asilimia 60, ikipashwa na mashine hadi nyuzi 32 bila kuongezewa maji, hubaki na unyevu wa takriban asilimia 33. Kiyoyozi nacho hukausha hewa.

Dalili

Dalili ya kwanza ni poda kung'ang'ania sehemu zisizo na wino. Poda hiyo ikiyeyuka, huacha vidoa kuzunguka picha, hasa kwenye fulana nyeusi. Nyingine ni matone ya wino kuyumba na kufanya ukungu kwenye kingo za herufi, vumbi kuvutwa kwenye filamu, karatasi za filamu kugandana, na fundi kupigwa na cheche ndogo anapogusa chuma.

Ni muhimu kutofautisha tatizo hili na unyevu uliozidi, kwani poda iliyopata maji nayo hunata. Poda iliyovutwa na umeme tuli husambaa kama vumbi jembamba na hurudi hata ikipanguswa, ilhali poda yenye unyevu hufanya mabonge. Kipimo cha unyevu wa hewa huondoa utata: chini ya asilimia 40 umeme tuli ndio wa kushukiwa kwanza, na juu ya asilimia 60 ni unyevu.

Hatua za kuchukua

Kwanza, unyevu wa chumba udumishwe kati ya asilimia 40 na 60. Mashine ya kuongeza unyevu ndiyo bora. Pasipokuwa nayo, kudeki sakafu kwa maji na kutundika vitambaa vilivyoloweshwa husaidia, mradi maji yawe mbali na nyaya za umeme na filamu yenyewe isiloweshwe.

Pili, mashine ziunganishwe na waya wa ethi unaofanya kazi, na ukaguzi ufanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Ikumbukwe kuwa ethi huondoa chaji kwenye chuma cha mashine, lakini haiwezi kuzivuta zote kutoka kwenye plastiki. Kwa hiyo brashi maalumu ya kuondoa chaji, inayogusa filamu taratibu, bado inahitajika.

Tatu, inaponunuliwa filamu, ichaguliwe iliyopakwa dawa ya kuzuia umeme tuli. Ihifadhiwe ndani ya mfuko uliofungwa, iachwe katika chumba cha kazi kwa saa 24 kabla ya kutumika, na isivutwe kwa kasi kutoka kwenye roli.

Nne, mafundi wavae nguo za pamba, zao ambalo wakulima wa Bunda wanalifahamu vyema. Pamba hushika unyevu na haikusanyi chaji kwa wingi kama nguo za nailoni au poliesta.

Tano, usalama uzingatiwe. Spiriti ya kusafishia mashine hushika moto kwa urahisi, na cheche moja inaweza kuuwasha mvuke wake. Chumba kiwe na madirisha yanayopitisha hewa, na anayenyunyiza poda avae barakoa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake.

Kabla ya kuanza oda kubwa, kikundi kinashauriwa kunyunyiza poda kwenye kipande cha filamu kisichochapwa na kukikung'uta. Kipande kikibaki safi, kazi inaweza kuendelea. Poda ikibaki, chumba kirekebishwe kwanza. Wanaohitaji ushauri zaidi kuhusu viwanda vidogo wanaweza kufika SIDO, na kuhusu mikopo, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yao.