Zuhura Inapovuka Mpaka wa Jua

Mimi si mnajimu. Maisha yangu ya kazi yameishia kwenye viwanja na mashamba ya mkoa wa Tanga, nikiwa na theodolaiti, fimbo za kulengea na kitabu cha majedwali ya Jua na nyota kilichochapwa Uingereza kwa ajili ya wapima ardhi. Katika kitabu kile, safu niliyoitazama kuliko zote ni ya deklinesheni ya Jua. Bila hiyo, unaweza kulilenga Jua asubuhi nzima na bado usijue kaskazini ya kweli iko wapi. Sasa nimestaafu, na safu ileile naikuta ndani ya programu za wanajimu. Haki yao niwape: wameipamba kuliko sisi.

Aliyenifikisha huko ni mpwa wangu, mtu wa nyota hasa, ambaye hapangi safari wala shughuli kabla ya kutazama Zuhura iko wapi. Siku moja alinijia na laptopu yake. Hata shikamoo aliitoa akiwa bado anaangalia kioo.

"Mjomba, wewe umepima mipaka ya watu maisha yako yote. Hii programu inasema Mirihi ilikuwa nje ya mipaka. Mipaka gani, na nani kaiweka?"

Swali hilo nililipenda, maana wasomaji wengi wa utabiri wa nyota hawajawahi kuuliza. Sisi tuliokua tukisoma na kusikiliza utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein tunazijua buruji kumi na mbili kuanzia Hamali hadi Hutu. Buruji hukuambia sayari imefika wapi katika njia ya mwaka, ile njia ambayo Jua huonekana kuipita likizunguka mbingu. Hicho ni kipimo kimoja. Mpima ardhi hawezi kukuwekea jiwe la mpaka kwa kipimo kimoja, na sayari nayo haipatikani mahali pake kwa buruji peke yake. Cha pili ni deklinesheni: sayari iko digrii ngapi kaskazini au kusini mwa ikweta ya mbingu, yaani ikweta yetu hii ikinyanyuliwa hadi angani.

Dunia imeinama digrii 23.4, na kwa hiyo Jua hupanda hadi 23.4 kaskazini karibu na tarehe 21 Juni, likashuka hadi 23.4 kusini karibu na 21 Desemba. Halizidi hapo. Hiyo ndiyo mipaka aliyoiuliza mpwa wangu, na aliyeiweka ni Jua lenyewe. Sayari ikienda mbali zaidi ya hapo, wanajimu husema iko nje ya mipaka. Huko Marekani, aliyelieneza wazo hilo ni mnajimu Kt Boehrer, kwa kitabu chake kuhusu deklinesheni.

Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati ambayo wenye programu hizo huko Ulaya hawana. Kwetu namba ya deklinesheni ni karibu sawa na mahali halisi pa kuchomoza na kuzama. Jua likiwa na 23.4 kaskazini, mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja huliona likichomoza digrii 23 na ushei kaskazini mwa mashariki kamili. Mtu wa London, siku hiyohiyo, huliona likichomoza karibu digrii 40 kaskazini mwa mashariki, na inambidi apige hesabu ndipo namba ya programu imwambie lolote kuhusu upeo wake wa macho. Sisi tunasoma na kutoka nje na dira.

Programu nyingi za unajimu, Solar Fire ikiwa mojawapo, zinaweza kukuchorea deklinesheni kwa muda. Zisizo na mchoro hutoa jedwali. Nyingi kati ya hizo, ukifunua boneti, utakuta injini moja: Swiss Ephemeris, iliyotolewa 1997 na kampuni ya Astrodienst ya Zürich, kazi ya Dieter Koch na Alois Treindl. Nayo imejengwa juu ya hesabu za Jet Propulsion Laboratory ya NASA, zilezile zinazotumika kuongoza vyombo vya angani. Kwa hiyo mnajimu anayetaka kujua siku njema ya kufungua duka na mhandisi anayetuma chombo Mirihi wanasoma namba zenye asili moja. Jambo hilo hunichekesha kila nikilikumbuka.

Mimi hupenda kuiendesha injini hiyo bila mapambo, kwa programu ndogo iitwayo swetest. Unaandika mstari mmoja: -p3 -b1.1.2020 -n366 -s1 -fTd. Maana yake, nipe Zuhura, kuanzia Januari 1, 2020, mistari 366, hatua ya siku moja, uniandikie tarehe na deklinesheni kwa desimali. Namba hizo unazimwaga kwenye Excel na kuagiza grafu. Tarehe zinalala chini, digrii zinasimama kando, sifuri katikati. Kisha chora mistari miwili ya nukta kwenye 23.4 juu na 23.4 chini, uwe na mipaka yako. Kwa Mwezi hatua ya siku moja ni kubwa mno, kwa sababu unapovuka ikweta waweza kuhama digrii sita kwa siku. Upe hatua ya saa sita. Zohali ipe hata siku kumi, haina haraka.

Mstari wa Jua ni wimbi lililotulia, na mtu wa pwani anausoma bila kufundishwa: ukizama chini ya sifuri kaskazi inakaribia, ukipanda juu kusi nayo iko njiani. Juu kabisa na chini kabisa unakuwa bapa, kwa kuwa mwezi Juni na Desemba Jua hukaa siku nyingi karibu palepale. Machi na Septemba hukimbia digrii 0.4 kila siku.

Zuhura ndiyo yenye vituko. Mwaka 2020, mwanzoni mwa Aprili, mstari wake ulivuka nukta za juu, ukafika karibu 27.8 mapema Mei, na ukarudi ndani mwanzoni mwa Juni. Jioni zile Zuhura ilikuwa ikizama kaskazini kabisa mwa pale lilipozama Jua. Rudisha programu hadi 2012 utaona nundu ileile, miezi ileile. Peleka mbele hadi 2028, ipo tena. Zuhura hurudia mwendo wake kwetu kila baada ya miaka minane, ikipunguza siku mbili tu hivi, na hakuna jedwali la buruji linalokuonyesha hilo kwa mtazamo mmoja kama grafu hii.

Mirihi ya mpwa wangu ilikuwa ya 2018. Mwaka ule ilikaribia Dunia sana mwishoni mwa Julai, ikiwa inaonekana kurudi nyuma, na ikashuka hadi kupita 26 kusini. Ilikaa nje ya mipaka tangu Julai hadi Septemba. Zohali, kwa upande wake, haivuki kamwe. Njia yake imeinama kidogo tu, na inapofika karibu na kilele mwinamo huo huivuta ndani.

Mwezi una mzunguko wa miaka 18.6. Mwaka 2015 haukuwa ukipita digrii 18 na ushei kwa upande wowote. Katika 2024 na 2025 ulifika 28 na nusu, kila mwezi mara moja kaskazini na mara moja kusini. Ukichora miaka ishirini pamoja, wimbi linatanuka na kubanwa taratibu. Kipindi kingine cha kubanwa ni karibu 2034.

Mistari miwili ikikutana upande mmoja wa ikweta, wanajimu huhesabu sayari hizo kuwa zimeshikana. Zikiwa na namba sawa, moja kaskazini na nyingine kusini, huzihesabu kuwa zinatazamana. Mpwa wangu anasema Mirihi ikiwa nje ya mipaka watu hushindwa kujizuia. Mimi sioni kamba inayofunga namba ya Mirihi na hasira ya jirani, na nimemwambia hivyo. Anacheka tu. Lakini amekubali jambo moja: wanajimu wa India na wa Ulaya wanahitilafiana kwa karibu digrii 24 kuhusu Hamali inaanzia wapi, na ugomvi huo haugusi deklinesheni hata kidogo. Grafu yangu na yake ni moja.

Kwa kuwa programu nyingi hutumia saa ya Greenwich, ongeza saa tatu upate saa yetu. Kisha ipime grafu yenyewe. Tanga iko karibu digrii 5.1 kusini, hivyo Jua lenye deklinesheni hiyo lazima lipite utosini: tarehe 7 au 8 Machi, kama saa sita na dakika 35 mchana, na tena tarehe 5 au 6 Oktoba, kama saa sita na dakika 12. Msumari uliosimama wima hauna kivuli. Wa Dar es Salaam wajaribu 3 Machi na 10 Oktoba, wa Mombasa 10 Machi na 3 Oktoba.

Waislamu wanayo njia nyingine, na ni ya zamani kuliko kompyuta. Makka iko digrii 21.4 kaskazini. Jua hufika hapo tarehe 27 au 28 Mei, na likirudi, 15 au 16 Julai. Saa ya Makka ni sawa na yetu, basi Mei saa sita na dakika 18 mchana, na Julai saa sita na dakika 27, Jua huwa juu ya Kaaba. Simika fimbo wima popote Afrika Mashariki katika dakika hiyo: kivuli kitalala kusini, na kibla iko upande wa pili wake.