China: Namba ya gari inasema lilikosajiliwa, na inaweza kukufungia barabara

Ukiona gari la Tanzania limeandikwa T na tarakimu tatu, au la Kenya linaloanza na KD, huwezi kujua kama mwenyewe anakaa Mwanza au Mombasa. China mambo ni tofauti. Namba inataja mkoa na mara nyingi mji, na polisi, kamera na hata majirani wanaisoma kwa sekunde moja.

Tena si kujua tu. Namba hiyo ndiyo inayoamua gari lako liingie wapi, na kwa siku ngapi.

Alama ya kwanza: mkoa

Namba ya kawaida ina alama saba. Ya kwanza ni neno moja la Kichina, ambalo ni kifupi cha mkoa au jiji kubwa. Vifupi hivi viko 31.

Baadhi ni rahisi. Beijing ni 京, husomwa "jing". Mkoa wa Zhejiang ni 浙, "zhe".

Vingine vinachanganya kwa sababu vimetokana na historia. Shanghai ni 沪, "hu", jina la mtego wa mianzi ambao wavuvi wa eneo hilo walikuwa wakitumia zamani. Shandong ni 鲁, "lu", jina la dola ya kale alikozaliwa Confucius. Guangdong ni 粤, "yue", jina linalotokana na watu wa kale wa kusini.

Herufi ya pili: mji

Baada ya neno la Kichina inafuata herufi ya kawaida. A kwa kawaida ni makao makuu ya mkoa, kisha miji mingine inafuata.

Kwa hiyo 粤A ni Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Nairobi wanaujua vizuri. 粤B ni Shenzhen. Ukienda Yiwu kufunga mzigo utaona 浙G kila mahali, maana Yiwu iko chini ya mji wa Jinhua, na herufi ya Jinhua ni G.

Alama tano zinazobaki ni za gari lenyewe. Herufi I na O hazitumiki humo, zisije zikachanganywa na 1 na 0.

Rangi nayo inasema

Bluu ni gari dogo. Njano ni lori au basi kubwa. Kijani ni gari la umeme au linalotumia umeme pamoja na mafuta, na namba yake ina alama nane badala ya saba. Kwenye magari madogo ya kijani, D ni umeme tupu na F ni mchanganyiko.

Ukikutana na namba nyeusi inayoanza na 粤Z na kuishia na 港 au 澳, hilo ni gari lenye ruhusa ya kuvuka kati ya Guangdong na Hong Kong au Macau.

Kwa nini watu wanahangaikia namba?

Miji mikubwa ilizidiwa na foleni, ikaanza kubana namba za kwake.

Beijing ilianzisha bahati nasibu mwaka 2011. Hela unayo, gari umeshalichagua, lakini bila kushinda namba hulisajili. Kuanzia 2018 kikomo kiliwekwa namba 100,000 kwa mwaka, katika jiji lenye watu zaidi ya milioni 20. Wapo walioomba miaka na miaka wakatoka kapa. Wengine waliripotiwa kufunga ndoa za bandia ili wahamishiane namba kama mume na mke, kisha waachane.

Shanghai ilichagua mnada. Bei ya namba moja imewahi kupita yuan 90,000, zaidi ya dola 12,000. Kumbuka hicho ni kibao tu, gari bado! Gari dogo la umeme la Wuling lilipoingia sokoni mwaka 2020 liliuzwa kuanzia yuan 28,800. Yaani kibao kilikuwa ghali mara tatu kuliko gari. Ndiyo maana namba ya kijani, ambayo Shanghai imekuwa ikiitoa bure kwa magari ya umeme tupu, iliwavuta wengi waachane na petroli.

Si usajili tu mkoa wa jirani?

Wengi walijaribu, na serikali za miji zikaziba mwanya.

Beijing: tangu Novemba 2019, gari la nje linahitaji kibali kuingia ndani ya barabara ya sita ya mzunguko. Kibali hakizidi siku 7, na unapata 12 tu kwa mwaka. Piga hesabu: ni siku 84.

Guangzhou: tangu Julai 2018, gari la nje likiingia eneo la katikati linatembea siku zisizozidi 4 mfululizo, kisha lipumzike siku 4.

Shanghai: gari lisilo na 沪 haliruhusiwi kwenye barabara za juu kwa saa nyingi za mchana siku za kazi.

Ilipogeuka kuwa alama ya unyanyapaa

Mwanzoni mwa 2020, Corona ilipolipuka Wuhan, magari yenye 鄂, kifupi cha mkoa wa Hubei, yalianza kukataliwa sehemu nyingine za nchi. Kuna madereva waliokwama barabarani, ingawa walikuwa wameondoka Hubei kabla mji haujafungwa. Hakuna aliyewauliza wametoka wapi lini. Kibao kilikuwa kimeshawajibia.

Kwa hiyo ukipanda teksi China, au ukikodi gari la kubeba mzigo kutoka mji mmoja kwenda mwingine, angalia alama mbili za mwanzo. Zitakuambia kama gari hilo liko nyumbani, au nalo ni mgeni anayehesabiwa siku.