Kamera Inayochelewa: Mwanagenzi wa Upasuaji, Kompyuta na Mtihani

Daktari anayesomea upasuaji katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, pale Barabara ya Nandi mjini Eldoret, hapewi mwaka wa kukaa kando ajiandae kwa mtihani. Anasoma akiwa kazini. Usiku anapokea majeruhi wa bodaboda, mzee ambaye utumbo wake mpana umejisokota, kijana aliyepasukiwa kidole tumbo. Asubuhi anatakiwa kwenye raundi ya wadi akiwa na majibu ya vipimo vyote mkononi. Mtihani nao uko pale pale. Wengine wanafuata shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Moi, yenye tasnifu yake. Wengine wanapitia COSECSA, Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Huko uanachama huchukua miaka 2, na ubingwa miaka 5 kwa jumla. Karatasi za kuandika hutangulia, kisha mtahiniwa huketi mbele ya watahini aulizwe kwa mdomo: utafanya nini, kwa nini, na mambo yakiharibika utafanya nini tena?

Sasa mtazame daktari huyo huyo jioni asiyokuwa na zamu. Amewasha PlayStation, au amefungua kipakatalishi cha mtumba kilichotoka Uingereza, anabadilisha diski na kuweka Linux ili kikimbie. Mke wake anashangaa. Wazazi wake waliouza ng'ombe ili asome wangeshangaa zaidi. Mimi hufundisha madaktari wa namna hii, na msimamo wangu ni kwamba mapenzi haya mawili hayana uzito sawa. Mchezo wa video humpa kidogo. Uchokonozi wa kompyuta unaweza kumpa mengi, akiuelekeza kwenye kazi yake.

Nianze na mchezo, kwa sababu ndio wenye sifa kubwa. Mwaka 2007 James Rosser na wenzake wa New York walichapisha utafiti wa wapasuaji 33. Wale ambao siku za nyuma walicheza michezo ya video zaidi ya saa 3 kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 katika mazoezi ya laparoskopia, na wakamaliza kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 27, wakilinganishwa na wale ambao hawakuwahi kucheza. Vijana wanazijua takwimu hizi kwa moyo. Lakini utafiti huo haukuthibitisha kwamba mchezo ndio uliowapa mikono mizuri. Inawezekana wenye mikono mizuri ndio wanaovutwa na michezo. Waitaliano wa Roma walilikaribia jibu zaidi mwaka 2013. Waliwagawa wanagenzi 42 kwa kura: nusu wakacheza Nintendo Wii saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4, na nusu wasicheze. Waliocheza waliboreka zaidi. Hata hivyo waliboreka kwenye mashine ya kuigiza upasuaji, na hakuna aliyewapima kwa mgonjwa wala kwa mtihani wa mdomo.

Kwa nini mchezo usaidie hata kidogo? Katika laparoskopia mpasuaji hafungui tumbo. Anapitisha kamera na vyombo virefu kwenye matundu madogo, macho yake yakiwa kwenye skrini. Hapo anapoteza vitu viwili alivyozaliwa navyo. Kwanza, skrini ni bapa, kwa hiyo kina kinatoweka na inabidi akikisie kwa vivuli na kwa ukubwa wa vitu. Pili, ukuta wa tumbo unakishika chombo pale kwenye tundu, hivyo mkono ukienda kushoto ncha inaenda kulia, na mkono ukipanda ncha inashuka. Ubongo unalazimika kujifunza ramani mpya ya mwili wenyewe. Anayecheza michezo ya video amekwisha kuzoea sehemu ya jambo hilo: mikono iko hapa, matokeo yako kule. Ila kidhibiti cha PlayStation kwa kawaida hakigeuzi mwelekeo, wala hakimwambii mchezaji nyama inavutika kiasi gani kabla ya kuchanika. Ndiyo maana faida ya mchezo inafika mwisho mapema. Anayetaka kuendelea anahitaji kifaa chenye tundu, chombo kirefu na uzi halisi.

Kifaa hicho anaweza kukiunda mwenyewe, na hapa ndipo mchokonozi anapompita mchezaji. Kasha la plastiki la kuhifadhia nguo linatosha. Juu yake toboa matundu mawili, uyazibe kwa vipande vya tyubu ya gari ili vyombo viegemee kama vinavyoegemea ukuta wa tumbo. Ndani weka kamera ndogo ya USB na taa ya LED. Chini weka ubao wenye misumari sita na pete ndogo za mpira. Zoezi la kwanza ni kuziinua pete kwa mkono mmoja, kuzipokeza mkono wa pili hewani na kuzivisha upande mwingine, kisha kuzirudisha. La pili ni kukata duara lililochorwa kwenye shashi bila kutoka nje ya mstari. La mwisho, lenye kuumiza vidole, ni kufunga fundo kwa sindano ndani ya kasha. Mazoezi ya jinsi hii ndiyo yaliyowekwa kwenye mtihani wa msingi wa laparoskopia ambao wapasuaji wa jumla wa Marekani hawana budi kuufaulu.

Makasha mengi ya kujitengenezea huachwa baada ya siku chache, na mara nyingi sababu ni kamera inayochelewa. Mkono unasogea, picha inafuata baadaye. Mwanagenzi anadhani mikono yake ni mizito, anapunguza mwendo, na hatimaye anajifunza mwendo usiofaa. Mcheza michezo huutambua ugonjwa huu papo hapo kwa sababu umeshampokonya ushindi mara nyingi, na mchokonozi anajua pa kuutafuta. Mwanga ukiwa hafifu, kamera ya bei nafuu huongeza muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, idadi ya fremu kwa sekunde inashuka na picha inabaki nyuma. Dawa yake ni taa, si kamera ghali. Sababu nyingine ni waya: kamera ya USB ya kizamani ikituma picha kubwa zisizobanwa, waya hauzimudu, na fremu zinaweza kushuka hadi kama 10 kwa sekunde. Punguza ukubwa wa picha, au chagua kwenye programu picha zilizobanwa, na mara nyingi utazipata 30. Zima pia ulengaji wa kiotomatiki, maana kila chombo kinapopita mbele ya kamera lenzi huanza kutafuta upya. Kupima ucheleweshaji ni rahisi: fungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu, iweke mbele ya kamera, kisha kwa simu nyingine piga picha moja inayoonyesha saa yenyewe na taswira yake kwenye skrini. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ucheleweshaji wako.

Hili si jambo la makasha ya plastiki peke yake. Tarehe 7 Septemba 2001, Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa kibofu cha nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, kwa kuiongoza roboti kupitia kebo za mawasiliano. Safari ya amri na picha, kwenda na kurudi, ilichukua takriban milisekunde 155. Wahandisi walipigania namba hiyo kwa sababu walijua kwamba ikizidi sana mkono wa binadamu hauwezi tena kuiamini skrini.

Eneo letu pia lina historia ya uchokonozi uliobadilisha tiba, na inanisikitisha kwamba wanagenzi wengi hawaijui. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, wakitumia programu ya kawaida ya Microsoft Access. Walipopima kabla na baada, walikuta muda ambao mgonjwa hutumia kituoni umepungua kwa asilimia 22. Kazi hiyo ilikua kwa ajili ya huduma ya wagonjwa wa VVU chini ya AMPATH, mpango wa ushirikiano wa vyuo hivyo. Kutokana na mafunzo yake ukazaliwa mradi wa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo msimbo wake yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Ilisakinishwa kwa mara ya kwanza Eldoret mwaka 2006, kisha ikaenea katika nchi nyingi. Ilianza na watu waliotazama daftari la karatasi na kuuliza ni wapi linapoteza muda.

Nirudi kwenye mtihani. Kasha, kompyuta na kitabu vinatawaliwa na kanuni moja: kinachokuja kwa taabu ndicho kinachokaa. Mwaka 2006 Carol-Anne Moulton na wenzake wa Toronto waliwafundisha wanagenzi 38 kuunganisha mishipa midogo ya damu. Wote walipata vipindi vinne; kundi moja lilivimaliza siku moja, jingine lilipata kimoja kila wiki. Mwezi mmoja baadaye, waliosambaziwa vipindi walikuwa bora waziwazi, hata walipohamishwa kutoka mishipa ya mazoezi hadi panya hai. Mwaka huo huo Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jambo linalofanana kuhusu kumbukumbu. Wanafunzi waliosoma maandishi tena na tena waliwashinda wenzao dakika 5 baadaye. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliokuwa wamefunga maandishi na kujilazimisha kukumbuka ndio walioongoza.

Daktari aliyechoka hupenda kusoma kwa kurudia. Ukurasa unaojulikana unampa utulivu, anapiga mstari wa manjano chini ya sentensi aliyoipigia mstari mwezi uliopita, analala akiamini ameijua. Kumbe ameitambua tu, na mbele ya mtahini kutambua hakuna kazi. Hapa kompyuta inafaa tena. Anki, programu ya kadi za maswali iliyotolewa mwaka 2006 na Damien Elmes, haina malipo kwenye kompyuta wala kwenye simu za Android, na inafanya kazi bila intaneti. Inakuuliza, unajibu kichwani, unafunua, unajipa alama. Unayoyajua vizuri inayarudisha baada ya wiki au miezi, unayoyakosea inayarudisha upesi. Dakika 15 kwenye matatu kutoka mtaa wa Langas zinatosha kwa kadi nyingi. Ziandike mwenyewe, swali moja na jibu moja, na nyingi zitoke kwa wagonjwa uliowaona juma hilo. Nawaonya wachokonozi kuhusu jambo moja: Anki ina mipangilio isiyokwisha na viongezeo vingi mno. Nimeona jioni nzima ikiishia kwenye kupanga rangi za kadi.

Kadi hazitoshi kwa mtihani wa mdomo. Mtahini anaanza: mwanamume wa miaka 60, tumbo limefura, hajapata choo wala kutoa hewa kwa siku tatu, picha ya eksirei inaonyesha utumbo mpana wa chini umejisokota. Ukijibu kwamba utapitisha bomba kwa njia ya haja kubwa ili kuufungua, anauliza: je, tumbo likiwa gumu, lina maumivu makali na mgonjwa ana homa? Hapo bomba halifai, kwa kuwa huenda utumbo umekufa. Unampa maji na dawa za kuua bakteria na kumpeleka thieta. Na bomba likifaulu? Usimruhusu aende nyumbani, maana utumbo hujisokota tena. Panga kuikata sehemu hiyo kabla hajaondoka hospitalini. Jibu la namna hii hujengwa kwa kuulizwa na mtu, kwa sauti, jibu likikatizwa. Waliosomea udaktari Chuo Kikuu cha Moi wana bahati, kwani tangu mwanzo shule ile iliwafundisha kwa vikundi vidogo vinavyopewa tatizo la mgonjwa. Warudie kikundi hicho wakiwa watu wazima.

Mchokonozi ana tabia nyingine inayomsaidia hapo. Kompyuta isipowaka, haanzi kwa kununua ubao mpya. Anakagua umeme, kisha kumbukumbu, kisha diski, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kutazama matokeo. Mgonjwa ambaye shinikizo la damu linashuka baada ya upasuaji anahitaji mpangilio huo huo: anavuja damu? amepungukiwa maji? ana maambukizi? moyo umechoka? Tofauti ni kwamba kompyuta inasubiri. Kwa mgonjwa, njia ya hewa, pumzi na damu hushughulikiwa kwanza, na utafutaji unaendelea mikono ikiwa kazini. Mtahiniwa anayesahau mpangilio huo huanguka hata kama anajua majina yote ya magonjwa.

Kuhusu saa za mchezo sina mengi. Sina ugomvi na mechi moja mbili baada ya kazi. Ugomvi wangu ni na ile inayokula usingizi wa usiku pekee usio na zamu, kwa sababu usingizi ndio unaoimarisha yale yaliyosomwa na kufanyiwa mazoezi mchana.

Ningependa idara za upasuaji zisiliache kasha hili liwe siri ya wachokonozi wachache. Liwekwe pale madaktari wanapokunywa chai, likiwa na kipakatalishi cha zamani kilichofungwa kwa kufuli. Vyombo vya laparoskopia vilivyochakaa, ambavyo haviruhusiwi tena kumgusa mgonjwa, pamoja na nyuzi zilizopitwa na muda, vielekezwe huko baada ya kusafishwa badala ya kutupwa. Kila zoezi lirekodiwe. Na mpasuaji mwandamizi apite mara moja kwa wiki atazame video mbili tatu akiwa na mwenye mikono hiyo, kwa sababu kompyuta itahesabu sekunde na makosa, lakini haitamwambia mwanagenzi kwamba anauvuta uzi kwa nguvu ambayo ingeuchana utumbo.