Mafunzo Yanayoishia Mlangoni

Ndugu wafanyakazi, ni nani kati yetu asiyepata kuketi katika chumba cha mafunzo tangu asubuhi hata jioni, akapewa cheti na soda, kisha akarudi kwenye mashine yake akafanya vile vile alivyofanya jana? Fedha iliyotumika ni ya kiwanda, lakini vidole vinavyokatwa ni vya mfanyakazi.

Twapenda kukumbusha habari ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Viwanda vilijaa watu wasiopata kushika chombo, na mafundi wengi walichukuliwa jeshini. Mwaka 1940 serikali ilianzisha huduma iitwayo Training Within Industry, ikaendelea hata 1945. Wasimamizi walifundishwa namna ya kufundisha kwa saa 10 tu, vikao vitano vya saa mbili mbili. Kikao cha kwanza hakikuwa hotuba. Mkufunzi alimwita mtu mbele, akamweleza kwa maneno matupu jinsi ya kufunga fundo la waya wa taa ya umeme, yule akashindwa. Akamwita wa pili, akamwonyesha kwa mikono bila kumweleza, naye akashindwa. Hivyo wasimamizi waliona kwa macho yao ya kuwa kuambia si kufundisha, wala kuonyesha peke yake si kufundisha.

Ndipo ikafuata njia iliyo sawa. Mwanafunzi hutulizwa kwanza, akaulizwa ajuacho. Huonyeshwa na kuelezwa hatua moja moja, na pale penye siri ya kazi hutiliwa mkazo. Kisha hufanya mwenyewe, akieleza kwa kinywa chake kwa nini afanya hivyo. Mwisho huwekwa kazini, akatajiwa mtu wa kumwendea akikwama, na mkufunzi hurudi kumtazama mara kwa mara.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo tunayoiacha. Tangu 1885 Mjerumani Ebbinghaus, kwa kujipima yeye mwenyewe, alionyesha ya kuwa sehemu kubwa ya tulilojifunza hututoka upesi, lakini kulirudia kwa vipindi hulikaza. (Katekisimu ya misheni tungali nayo, kwa maana tuliulizwa kila juma!)

Basi twawauliza mameneja, na viongozi wa matawi ya wafanyakazi waketio nao mezani: katika mpango wa mafunzo wa mwaka huu, mmetenga shilingi ngapi za kumrudisha mkufunzi karakanani juma la pili? Katika mipango tuliyopata kuisoma, kuna fedha ya ukumbi, ya chakula na ya vyeti. Ya kumrudisha mkufunzi hatujaiona.